Onyo la Kikaguzi ni Swali Linalosubiri Jibu

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi wa kompyuta na vijana wanaoanza kazi ya kuandika programu. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wageni waalikwa, na ninyi vijana ambao ndio wenye mkutano huu, nawasalimu nyote.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi muashi. Nilipokuwa mdogo nilimbebea vifaa vyake wakati wa likizo, na nakumbuka kwamba kila baada ya kozi tatu au nne za tofali alisimama, akaning'iniza timazi pembeni mwa ukuta, akafumba jicho moja na kutazama. Mimi niliona ukuta umenyooka. Mara nyingine timazi ilionyesha kwamba umelala kidogo, upana wa kidole hivi, naye akaligonga tofali kwa mpini wa mwiko kabla udongo haujashika. Siku moja nilimwuliza kwa nini anajisumbua, wakati ameifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa. Alinijibu kwamba jicho huzoea. Ukikaa na ukuta tangu asubuhi, jicho linauona umenyooka kwa sababu linataka uwe umenyooka, na nyumba ikishafika usawa wa renta, kosa la kozi ya tatu haliondoki ila kwa kubomoa.

Ndugu zangu, leo nazungumza juu ya timazi ya msimbo, yaani ya yale maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini. Nazungumza juu ya zile programu ndogo ambazo unaziita kwa amri moja kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, zikasoma msimbo ulioandika, zikakuambia mstari gani unatia shaka. Nitaziita vikaguzi. Najua wengi wenu mmezisikia, na najua pia kwamba wengi wenu mliziendesha mara moja, mkaona maonyo yamejaa skrini, mkafunga dirisha.

Niruhusuni nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu fupi kwa lugha ya Python kwa ajili ya chama kimoja cha kuweka na kukopa. Kazi yake ilikuwa moja: kila usiku ipitie orodha ya wakopaji ambao siku ya kurejesha inakaribia, imtumie kila mmoja ujumbe mfupi wa kumkumbusha. Wakati wa majaribio, namba moja mbovu ya simu ilikuwa inaiangusha programu yote katikati ya orodha, nami nikatafuta njia ya kuizuia isianguke. Nikaandika `except:` na chini yake `pass`. Kwa lugha yetu ni kusema: likitokea kosa lolote lile, nyamaza, endelea mbele.

Programu ilifanya kazi vizuri kwa miezi. Kisha mtoa huduma ya ujumbe akabadilisha namna namba zinavyopaswa kuandikwa, akataka zianze na 255 badala ya sifuri. Kuanzia usiku ule kila ujumbe ulikataliwa, na kila ulipokataliwa, kosa lilimezwa na maneno yangu mawili. Programu ilianza kazi, ikamaliza kazi, ikaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba imemaliza. Hakuna aliyejua lolote, mpaka mama mmoja muuza dagaa alipofika kaunta akiwa ametozwa faini ya kuchelewesha rejesho. Hakupaza sauti. Alitoa simu yake, akamwonyesha karani jumbe alizokuwa akizipokea, akizisogeza moja moja kwa kidole gumba: huu wa mwezi wa tatu, huu wa nne, huu wa tano, na wa sita haupo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya karani nikitazama kidole kile.

Faini zilirudishwa kwa wote walioonewa. Jioni ile mwenzangu wa kazi aliniambia niandike kwenye terminali neno `flake8`, jina la kikaguzi kimoja cha Python, na jina la faili. Jibu lilikuja kabla sijaondoa mkono kwenye kibodi:

`vikumbusho.py:41:9: E722 do not use bare 'except'`

Tazameni jinsi mstari huu mmoja ulivyobeba mambo. Unataja faili, mstari wa 41, herufi ya tisa, namba ya kanuni iliyovunjwa, na maelezo mafupi: usitumie `except` isiyosema inazuia kosa gani. Nilikuwa nimeusoma mstari ule mara ngapi? Mara nyingi sana. Jicho langu lilikuwa limeuzoea. Kikaguzi hakikuzoea chochote, kwa sababu kila kinapoitwa kinausoma msimbo kama ndiyo mara ya kwanza.

Wazo lenyewe lina umri kunizidi mimi na kuwazidi ninyi. Mwaka 1978, Stephen C. Johnson wa Bell Labs huko New Jersey, Marekani, alitengeneza programu ya kukagua msimbo wa lugha ya C, akaiita lint, jina ambalo kwa Kiingereza ni vile vinyuzinyuzi vinavyoganda kwenye nguo. Sisi tuliokua tukiambiwa kwamba kikulacho ki nguoni mwako hatuhitaji kufafanuliwa sana jina hilo. Johnson aligawa kazi mbili. Kompaila ilipaswa kuugeuza msimbo haraka uwe programu inayoendeshwa, na ukali ukaachiwa lint, ambayo ilikuwa na nafasi ya kutazama kwa utulivu: thamani iliyotumika kabla ya kuwekwa, sehemu ya msimbo isiyofikika kamwe, fanksheni inayoitwa namna moja huku na namna nyingine kule. Watoto na wajukuu wa lint tunao leo katika karibu kila lugha. JavaScript ina ESLint, iliyoanzishwa na Nicholas C. Zakas mwaka 2013. Skripti za Bash, yaani mafaili ya amri za terminali, zina ShellCheck. Python ina Pylint tangu 2003, ina flake8, na tangu 2022 ina Ruff, ambayo imeandikwa kwa lugha ya Rust na ambayo ndiyo ninayoitumia siku hizi, kwa sababu ina kasi kubwa na imezibakiza namba za kanuni zilezile tulizozizoea.

Kikaguzi cha namna hii hufanyaje kazi? Hakiiendeshi programu yako. Hakitumi ujumbe, hakigusi hifadhidata, hakihitaji seva. Kinayasoma maandishi, kinayapanga kuwa mti unaoonyesha kipi kiko ndani ya kipi, kisha kinaupitia mti huo tawi kwa tawi kikitafuta sura zinazojulikana kuleta madhara: jina lililotumika bila kutambulishwa popote, thamani iliyohifadhiwa na isitumike tena, `except` tupu kama ile yangu. Kwa sababu hiyo unaweza kukagua programu ambayo bado haijakamilika, na ukishakiweka kikaguzi kwenye kompyuta yako hakikudai bando la intaneti. Umeme ukikatika na kompyuta ya mapajani ikabaki na chaji ya dakika kumi, dakika hizo zinatosha.

Mtu mmoja aliwahi kuniuliza, kwa nini unasisitiza mstari wa amri, wakati kihariri chake, programu anayoandikia msimbo, kinampigia msitari mwekundu chini ya kosa? Msitari mwekundu ni mzuri, nami ninao. Lakini kihariri ni cha kwako peke yako, na kila mtu ana cha kwake na mpangilio wake. Amri ni ya wote. Amri ileile `ruff check .` naiandika mimi, anaiandika mwenzangu aliye mji mwingine, na inaandikwa na seva inayopokea mabadiliko yetu, na wote watatu tunapata jibu moja ilimradi tuna toleo moja na faili moja la mipangilio. Zaidi ya hayo, amri hurudisha namba inapomaliza. Ruff ikirudisha sifuri, haikuona tatizo, na ikirudisha moja, ipo kasoro iliyoonekana. Namba hiyo ndogo ndiyo inayoiwezesha Git, programu inayotunza historia ya msimbo wetu, kuyakataa mabadiliko kabla hayajaingia kwenye hazina, bila mtu yeyote kulazimika kukumbuka. Binadamu husahau siku ya Ijumaa jioni. Mimi mwenyewe nimesahau.

Nafika kwenye jambo la pili, nalo ni kwamba kuwa na timazi ndani ya mfuko si sawa na kuining'iniza.

Mwezi wa Februari mwaka 2014 kampuni ya Apple ilitoa marekebisho ya dharura ya simu na kompyuta zake. Kasoro ilikuwa katika msimbo unaohakikisha kwamba tovuti unayozungumza nayo ndiyo kweli ile inayodai kuwa. Katika msimbo ule kulikuwa na mfululizo wa hatua za uhakiki, na baada ya kila hatua palikuwa na agizo la kwamba ikishindikana, ruka mwisho: `goto fail;`. Mahali pamoja agizo hilo lilikuwa limeandikwa mara mbili, mstari mmoja chini ya mwingine, yamepangwa sawasawa kana kwamba yote mawili yako chini ya sharti moja. La kwanza ndilo lililofungwa na sharti. La pili halikufungwa na chochote, kwa hiyo programu iliruka mwisho kila mara, ikaikwepa hatua ya kukagua sahihi ya kidijitali, na kwa kuwa hakuna kosa lililokuwa limeandikwa hadi hapo, ikajibu kwamba mambo ni salama. Mtu aliyejipenyeza katikati ya mawasiliano angeweza kujifanya benki yako.

Je, palikosekana chombo cha kuliona kosa lile? Hapana. Kompaila ya Clang ilikuwa na swichi, yaani neno la ziada kwenye amri, ya `-Wunreachable-code`, inayoonya kuhusu msimbo usiofikika, na kila kilichokuwa chini ya mstari ule wa pili kilikuwa hakifikiki. Lakini swichi hiyo haimo katika kundi la maonyo yanayowashwa kwa `-Wall`, ingawa jina la `-Wall` linamfanya mtu adhani ameomba yote. Swali lingeulizwa endapo mtu angelitaka liulizwe. Miaka miwili baadaye, toleo la sita la GCC, kompaila nyingine, lilileta onyo jipya dhidi ya mpangilio wa mistari unaodanganya jicho, na mara hii wakaliweka ndani ya `-Wall`, na nadhani waliamua vyema.

Ndiyo maana nawaomba, mkirudi makazini, msiishie kusema kwamba kikaguzi tunacho. Fungueni faili la mipangilio mtazame ni kanuni zipi zimewashwa, ni zipi zimezimwa, na nani alizizima, kwa sababu gani. Ninyi mnaomiliki mradi, onyo lililozimwa bila sababu iliyoandikwa ni deni ambalo hamjui mnadaiwa na nani.

Sasa vijana, nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hadi sasa nimezungumza kana kwamba kikaguzi ni mwalimu asiyekosea, na hilo si kweli. Hapa ndipo moyo wa hotuba yangu ulipo.

Mwaka 2006, mtu mmoja miongoni mwa wanaoutunza mfumo endeshi wa Debian alikuwa anahangaika na maonyo. Aliitumia Valgrind, chombo kingine cha mstari wa amri, ambacho tofauti na vile nilivyovieleza huitazama programu wakati inaendeshwa, na Valgrind ililalamika kwamba OpenSSL, maktaba inayotengeneza funguo za siri, inatumia sehemu za kumbukumbu ya kompyuta ambazo hazijawekwa thamani. Maonyo yalielekeza kwenye mistari miwili. Hakukurupuka. Aliuliza kwanza, na majibu aliyoyapata hayakumzuia. Akaiondoa mistari yote miwili, maonyo yakanyamaza.

Tatizo ni kwamba mmoja wa mistari ile ndio uliokuwa ukichanganya ndani ya chungu kila chembe ya bahati nasibu ambayo funguo hutegemea. Ulipoondoka, kilichobaki kutofautisha ufunguo na ufunguo kilikuwa namba ya mchakato, ile namba ambayo mfumo humpa kila programu inayoanza, na namba hizo kwa kawaida zilikuwa hazizidi 32,768. Hebu fikirini. Ufunguo ambao ulipaswa kumshinda mwizi kwa maisha yake yote ukawa mmoja kati ya 32,768, idadi ambayo kompyuta ya kawaida inaimaliza kwa kujaribu mmoja mmoja. Hali hiyo ilidumu karibu miaka miwili, katika Debian na katika mifumo iliyotokana nayo, Ubuntu ikiwemo, mpaka Luciano Bello alipoigundua na tangazo likatolewa tarehe 13 Mei 2008. Kuweka marekebisho hakukutosha. Kila ufunguo uliokuwa umetengenezwa katika kipindi kile ulipaswa kutupwa na kutengenezwa upya, na wasimamizi wa seva duniani kote walifanya kazi hiyo usiku na mchana.

Je, Valgrind ilisema uongo? Haikusema uongo. Ilisema kweli kwamba kumbukumbu ile haijawekwa thamani. Ilichokuwa haijui ni kwamba mstari ule ulibeba kazi nyingine, kubwa, na kazi ya kujua hilo ilikuwa ya binadamu. Onyo ni swali. Mimi niliumiza watu kwa sababu sikuulizwa. Kwa Apple swali halikuwashwa. Kwa Debian swali liliulizwa, likajibiwa kwa kulifuta. Na kati ya hayo matatu, hili la mwisho ndilo ninaloliogopa zaidi kwenu, kwa sababu linafanana sana na bidii.

Linafananaje na bidii? Nitawapa mfano mdogo wa nyumbani. Ruff ina swichi ya `--fix`, inayorekebisha yenyewe yale inayoyaona kuwa ni salama kurekebisha, na mara nyingi iko sahihi. Mwenzetu mmoja, kijana mchapakazi, aliiendesha juu ya mradi mzima, ikafuta mistari mingi ya `import`, ile inayoita msimbo kutoka faili jingine, ambayo haikutumiwa popote. Mmoja kati ya mistari hiyo haukutumiwa kwa jina, lakini kule kuitwa kwake tu ndiko kulikosajili jedwali katika mfumo. Asubuhi iliyofuata ripoti ilitoka pungufu. Hakufanya kosa la uvivu. Alikosa jambo moja, kusoma `git diff`, amri inayoonyesha yaliyobadilika, kabla ya kuyahifadhi mabadiliko. Tuliurudisha mstari ule tukauandikia pembeni `# noqa: F401`, yaani hapa usinionye kanuni hii, na juu yake sentensi moja ya Kiswahili inayoeleza kwa nini. Sentensi ile ndiyo jibu la swali. Alama ya kunyamazisha onyo bila sentensi ni mlango uliopigiliwa misumari bila mtu kujua ndani kuna nini.

Kwa sababu hiyohiyo nawasihi msizifukuzie alama. Pylint hukupa alama kwa kipimo cha kumi, na najua kijana wa Kiswahili aliyetoka shuleni akiiona kumi juu ya kumi anafurahi. Lakini programu inayogawa riba ya mwaka kwa miezi 10 badala ya 12 inaweza kupata kumi kamili, kwa kuwa imeandikwa kwa usafi. Kikaguzi hakijui mwaka una miezi mingapi. Mwanahisabati Henry Gordon Rice alithibitisha tangu mwaka 1953 kwamba hakuna programu itakayoweza kuamua bila kukosea, kwa programu zote, kama zina tabia fulani isiyo ya dhahiri katika yale zinayoyatenda. Hapo ndipo majaribio yenu, na macho ya wenzenu, na maswali ya mwenye biashara, yanapohitajika.

Nirudi kidogo kwa wale waliofunga dirisha baada ya kuona maonyo yamejaa. Mradi wa zamani ukikaguliwa kwa mara ya kwanza hutoa maonyo mengi mno, na mtu hukata tamaa. Msiyabebe yote. Anzeni na yale ambayo karibu hayana mjadala: msimbo usiosomeka kabisa, jina lisilotambulishwa. Kwa Ruff ni `ruff check --select E9,F821`. Yakiisha, washeni kundi jingine, na kila kundi liwe na mabadiliko yake peke yake, yasichanganywe na kazi mpya, ili siku ripoti ikitoka pungufu mjue pa kutafuta. Hakuna ratiba nyingine ya ajabu. Ni hiyo tu, wiki baada ya wiki.

Na liko jambo moja ambalo sikulitarajia nilipoanza, nalo limenigusa kuliko mengine. Zamani msimbo wa kijana mgeni ulipopitiwa na wakubwa, maneno mengi yalikuwa juu ya nafasi, alama za nukuu, urefu wa mistari. Kijana alirudishiwa kazi yake ikiwa na madoa ishirini, akajiona hafai, na pengine katika ishirini hayo hakuna hata moja lililogusa kama programu inatenda haki kwa anayeitumia. Tulipoiachia amri kazi hiyo, mazungumzo yetu yalibadilika. Mashine haimwonei mtu, haimbagui mgeni wala mwenyeji, na inamwambia mkubwa kosa lake kwa maneno yaleyale inayomwambia mdogo. Nasi tukabaki na nafasi ya kuulizana: mteja asipopata ujumbe huu, nani atajua?

Ndugu mwenyekiti, naambiwa chai iko tayari. Tukirudi tutafungua kompyuta. Kila mmoja amekuja na faili aliloliandika mwenyewe. Wenye Python wataandika `ruff check` na jina la faili, na wenye skripti za Bash wakae upande wa dirishani, tutatumia `shellcheck`. Kwa nusu saa ya kwanza nawaomba msirekebishe kitu. Chukua onyo la kwanza tu, mgeukie jirani yako, umweleze kwa Kiswahili: mstari huu unafanya nini, kikaguzi kinahofia nini, na wewe unajibu nini. Mimi nitakaa meza ya mbele na faili langu la `vikumbusho.py`, nakala ya zamani, ya kabla ya siku ile ya kaunta. Mstari wa 41 bado uko kama nilivyouandika, na yeyote anayetaka kuanzia kwangu anakaribishwa.